Bahati kajifungua kwa operesheni leo, sasa anawangurumia watoto. Nifanye nini usiku huu?

MamaBahati, Alhamisi saa 5:20 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, Kihonda hapa Morogoro. Mbwa wangu amelala kwenye mkeka mbele yangu, na vilebu wanne wako kwenye beseni lenye taulo mapajani mwangu. Kila nikimsogezea mmoja ananguruma. Mara ya mwisho aliachama kabisa, nikamvuta mtoto kwa woga. Wanalia. Mwenye ujuzi anisaidie kwanza kwa hilo, mengine yanaweza kungoja.

Bahati ana miaka 3, chotara wa shepadi, kilo 27, na hii ni mimba yake ya kwanza. Alipandwa na Boerboel wa jirani aliyeruka ukuta, dume lenye kichwa kama cha ndama. Kwa hesabu yangu leo ni siku ya 62. Jana jioni alikataa ugali na dagaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimlete, akawa anachimba nyuma ya tangi la maji, anahema na kutetemeka. Nikajua siku imefika. Nikamtandikia magunia stoo, nikalala mlango wazi.

Saa 10 alfajiri chupa ikapasuka. Nikakaa naye. Anasukuma, anapumzika, anasukuma tena. Saa 1 asubuhi ukamtoka ute wa kijani, kijani kabisa kama maji ya mchicha. Mama yangu mzazi yuko hapa, akasema mwache, mnyama anajua mwenyewe. Nikamwacha. Saa nzima na nusu nilimwacha.

Saa 2:30 akaja bwana mifugo wa mtaani kwetu. Nilimwita kwa sababu ng'ombe wetu anawatibu vizuri na ni mtu mwema. Hakuingiza kidole, hakusikiliza tumbo. Akamchoma sindano ya uchungu. Saa 4 akamchoma ya pili. Bahati akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia mbwa akilia, na hakuna kilichotoka. Akasema tusubiri mpaka jioni. Kufika saa 7 mchana alikuwa hawezi kusimama, mdogo wangu akaita bajaji, tukambeba kwa shuka mpaka kliniki ya wanyama mjini.

Daktari akavaa glovu, akaingiza kidole, akanyamaza kwa muda. Akasema, "Kichwa nakigusa, lakini kimepindia ubavuni. Huyu hatoki kwa njia hii." Akaweka ultrasaundi, akanionyesha mioyo inavyopepesuka. Mmoja 190 kwa dakika, wengine 170 na kitu, mmoja 140. Yule wa mlangoni hakuwa na mapigo. Akafunga mashine akasema tunaingia mezani sasa hivi.

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu, kwa sababu msaidizi alikuwa mmoja na kijana wa mazoezi mmoja, na daktari akaniuliza kama naweza kuvumilia damu. Walimnyoa tumbo akiwa macho, amewekewa maski ya oksijeni na dripu mguuni. Nusukaputi ilikuja mwisho kabisa, tumbo likiwa limeshaoshwa, hata nikashangaa kwa nini hawakumlaza mapema asiogope. Akapasua katikati, chini ya kitovu. Akautoa mji wa mimba nje, mnene, wenye mafundo, akauzungushia vitambaa vilivyolowa. Akakata tundu moja tu, kisha akawa anawasogeza watoto kwenye tundu lile mmoja baada ya mwingine. Kila anayetoka anapasuliwa ile ngozi nyembamba, anabanwa kitovu, anadondoshwa kwenye taulo mikononi mwetu. "Sugua," anasema bila kuinua macho. "Sugua mama, usimwonee huruma."

Nilisugua. Wawili walilia haraka. Wa tatu alichukua muda. Wa nne alikuwa laini kama kitambaa, mdomo wa kijivu. Yule kijana akamshika miguu anataka kumpunga kichwa chini, daktari akamkataza kwa ukali. Msaidizi akavuta makamasi kwa kile kipira cha kunyonyea pua za watoto, akamchoma sindano nyembamba chini ya pua, pale kwenye mfereji wa mdomo wa juu, huku anasugua. Dakika tano, sita. Akaachama kama samaki. Kimya. Akaachama tena. Halafu akapumua. Huyo ndiye mdogo kuliko wote na ndiye yuko hapa kifuani kwangu sasa hivi.

Wa tano tulimsugua dakika 20, hakurudi. Yule wa mlangoni alikuwa amekufa kitambo, mkubwa mno, amepakaa kijani mwili mzima.

Kabla hajashona daktari aliniuliza kama amtoe na kizazi. Niliogopa maziwa yatakauka, nikakataa. Nimelipa 280,000 pamoja na dawa. Saa 1 usiku tulikuwa nyumbani.

Ninachotaka kujua: atawakubali lini? Anaweza kuzaa kawaida siku nyingine? Na naomba mniambie ukweli kuhusu ile asubuhi. Wale wawili wangekuwa hai?

Msaidizi_Arusha, saa 5:52 usiku

Dada, pole sana. Mimi si daktari, ni msaidizi kwenye kliniki ya wanyama hapa Arusha, mwaka wa 9 huu nashika taulo na mashine ya usingizi. Soma hii haraka, maelezo marefu nitakuandikia asubuhi.

Joto kwanza, maziwa baadaye. Ingiza ncha ya kidole kidogo mdomoni mwa kila mmoja. Kama mdomo ni wa baridi usimpe kitu. Tumbo la kilebu aliyepoa halifanyi kazi, maziwa yatalala humo au yataenda mapafuni. Jaza maji ya moto kwenye chupa mbili za plastiki, zifunge kwa kanga, ziweke upande mmoja tu wa beseni ili anayezidiwa apate pa kukimbilia. Wiki ya kwanza hawajui kutetemeka ili wajipashe joto, wanategemea mwili wa mama yao na wewe. Pale walipolala pawe nyuzijoto 30 hivi.

Wakishapata joto, muamshe mama yako mzazi. Yeye akae kichwani kwa Bahati, amshike shingo na taya bila kumbana, amsemeshe. Wewe mlaze Bahati ubavu. Kamua matone ya maziwa yake, uwapake watoto mgongoni na matakoni. Anza na mwenye nguvu, mweke kwenye chuchu za nyuma karibu na mapaja, huko maziwa ni mengi. Mbwa akishanyonywa dakika chache mwili wake wenyewe unaanza kumbadilisha. Mmoja, halafu wa pili, halafu huyo mdogo. Rudia kila baada ya saa 2. Katikati warudishe kwenye beseni. Usimwache nao peke yake usiku huu hata kwa dakika ya kwenda chooni. Hata jike mpole anaweza kuuma au kuwalalia akiwa bado na nusukaputi kichwani.

Kwa hesabu yangu wamezaliwa kama saa 9 alasiri, sasa inakaribia saa 6 usiku. Dang'a inawafaa zaidi saa hizi 12 za mwanzo, na baada ya saa 24 matumbo yao hayapitishi tena kinga ya mama. Kwa hiyo usilale, dada yangu.

Na usiseme anawachukia. Mbwa anayezaa kwa njia yake, kule kutanuka kwa njia kunaufikia ubongo, homoni inamwagika, analamba majimaji, anakula kondo, anawajua kwa harufu. Bahati alilazwa hana mtoto, ameamka ana kidonda na vitu vinavyolia vyenye harufu ya dawa ya kuoshea. Halafu anaumwa. Mpigie daktari uulize dawa ya maumivu aliyompa inakwisha saa ngapi. Diklofenaki au ibuprofeni ya nyumbani usimguse nayo, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Mzee_wa_Machame, saa 6:15 usiku

Binti yangu, pole. Nimefuga shepadi tangu 1988. Mwaka 1996 nilimpoteza jike wangu mzuri kuliko wote, Tajiri, kwa neno hilohilo la mama yako: mwache, anajua mwenyewe. Nilimwacha siku nzima na usiku wake. Asubuhi nilimkuta amekufa na watoto saba tumboni. Mpaka leo nikimwona jike anachimba, silali. Kwa hiyo wewe uliyempakia kwenye bajaji saa 7 mchana umefanya ambalo mimi sikulifanya.

Wakikataliwa kabisa, chukua maziwa ya ng'ombe, changanya na maji nusu kwa nusu, yachemshe, yapoe, wape kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Na usimpakate chali kama mtoto wa mtu. Alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyolala tumboni kwa mama yake. Wengi wanakufa kwa kupaliwa.

Msaidizi_Arusha, saa 6:24 usiku

Shikamoo mzee. Hilo la kifudifudi dada alishike sana, nami nililisahau. Ila kwenye maji nakuomba tusikubaliane. Maziwa ya mbwa ni mazito kuliko ya ng'ombe, mafuta na protini yake vinakaribia mara mbili au zaidi. Ukiyazimua, kilebu anajaza tumbo na bado ana njaa, tena anaharisha. Kama dukani hamna maziwa maalumu ya vilebu, ya kuokoa siku moja mbili ni kikombe cha maziwa mazima yaliyochemshwa na kupozwa, viini 3 vya mayai na kijiko kimoja cha mafuta ya mahindi, vikorogwe mpaka vilingane, yawe vuguvugu. Baada ya kila mlo mpanguse chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Mama yao ndiye huwa anawalamba, bila hivyo mkojo hautoki.

Lakini jaribu chuchu kwanza. Chuchu, chuchu, chuchu.

MamaBahati, Ijumaa saa 8:05 usiku

Wamenyonya wote wanne!

Mama alimshika kichwa akawa anamwimbia wimbo aliokuwa akituimbia sisi. Wa kwanza alingurumiwa mpaka nikasikia mtetemo kwenye mbavu zake. Wa pili akanguruma kidogo. Wa tatu alikaa kimya akiangalia ukutani. Huyu mdogo hakuweza kuishika chuchu, nikamkamulia mdomoni tone kwa tone, kifudifudi kama alivyosema mzee, mwisho akashika mwenyewe. Alipokuwa ananyonya Bahati akageuka akamnusa, akamlamba mara moja, akalala.

Naweka simu nijaze chupa upya. Asanteni. Mzee, pole kwa Tajiri.

Rongai254, Ijumaa saa 1:30 asubuhi

Pole mamake Bahati. Mimi niko Nairobi, nafuga bulldog. Kwetu upasuaji si dharura, ni mpango tangu siku ya kumpandisha. Watoto wana vichwa vikubwa na mabega mapana, mama ana nyonga nyembamba. Uingereza walihesabu uzao wa mbwa wa asili mbalimbali, matokeo yakachapishwa 2010: kwa bulldog zaidi ya asilimia 86 ya uzao ulikuwa wa kisu, Boston Terrier zaidi ya 92.

Wangu nilimpeleka kliniki ya wanyama wadogo ya chuo kikuu kule Kabete. Walimpima damu kuangalia homoni ya projesteroni imeshuka vya kutosha, ndio wakakubali kupasua. Ukitangulia siku tatu nne mapafu ya watoto hayajakomaa. Na baada ya kushona hawakutoa ile mpira ya hewa kooni mpaka aliposhika kichwa mwenyewe, maana hizi pua fupi zinaziba haraka.

Nakuambia haya kwa sababu uliuliza kama atazaa kawaida. Bahati si bulldog. Nyonga yake huenda haina shida yoyote. Baba ndiye alikuwa mkubwa.

Msaidizi_Arusha, Ijumaa saa 3:10 asubuhi

Nimefurahi mpaka nimemsomea daktari wetu hapa. Sasa yale marefu.

Umeomba ukweli. Ule ukijani ni rangi inayokaa kwenye kingo za kondo la mbwa. Ukiuona maana yake kondo la mmoja limeanza kubanduka. Mtoto wa kwanza akishatoka hauna neno, tena ni kawaida. Ukitangulia kabla ya mtoto yeyote, saa inahesabika kwa huyo ambaye kondo lake limebanduka, kwa sababu hewa yake inapita humo. Yule wa mlangoni, kwa kichwa kilichopinda, nadhani asingetoka hai hata ungemleta saa 2, labda ungefika saa 1 yenyewe. Huyu wa tano aliyekuwa na 140 ndiye ninayemfikiria. Moyo wa kilebu tumboni unapaswa kupiga zaidi ya 200. Ukishuka chini ya 180 ana shida, ukifika 150 na chini tunakimbia. Huyo saa 3 asubuhi huenda alikuwa na 200. Nakuambia kwa sababu umeuliza, na kwa sababu wengine watasoma hapa saa 10 alfajiri mbwa wao akiwa anasukuma.

Sasa sindano. Oksitosini ni dawa nzuri, sisi tunaitumia. Lakini kazi yake ni kubana mji wa mimba. Haigeuzi kichwa, haipanui nyonga. Njia ikiwa imezibwa, unabana nyumba ambayo mlango umefungwa: damu ya kwenda kwa watoto inapungua kila inapobana, makondo yanabanduka kabla ya wakati, na mji wenyewe unaweza kupasuka. Kile kilio ulichokisikia saa 4 nami nimekisikia kwa wengine. Ndiyo maana kidole kinatangulia, kisha ultrasaundi au eksirei. Ikionekana njia iko wazi na watoto wamekaa vizuri, tunaanza na yuniti 1 au 2, hata pungufu, mara nyingi pamoja na kalsiamu inayoingizwa taratibu huku mtu anasikiliza moyo. Aliyezoea ng'ombe mkono wake umezoea kipimo cha ng'ombe. Simlaumu mtu wenu, hakuna aliyemfundisha mbwa. Ila akija tena mwombe avae glovu kwanza.

Umeshangaa kwa nini walimnyoa akiwa macho. Hilo lilinionyesha uko kwenye mikono mizuri. Dawa ya usingizi inapita kwenye kondo na kuwafikia watoto. Kila dakika mama akiwa amelala kabla hawajatoka ni dakika wanayoilala nao. Kwa hiyo kunyoa, kuosha, dripu, oksijeni, vyote vinakwisha kabla. Tunalaza kwa propofoli, tunaendeleza kwa hewa ya isoflureni, na tunataka mtoto wa kwanza awe kwenye taulo haraka iwezekanavyo. Zailazini, dawa nyingine ya kulaza wanyama, tunaiepuka kabisa kwa mbwa mjamzito, inalaza watoto na haiwaamshi. Mwenye mbwa anaweza kuuliza hilo, si utovu wa adabu.

Kile cha kumpunga mtoto kichwa chini nilifundishwa nilipoanza kazi, na nilikifanya. Kinatikisa ubongo na kinaweza kumwaga damu ndani ya kichwa, na kinachotoka puani ni maji ya tumboni wala si ya mapafu. Siku daktari wetu aliponieleza sikulala vizuri. Kipira cha pua, taulo, joto, na ile sindano tupu chini ya pua, inayomshtua apumue. Basi.

Kuzaa tena: kama tatizo lilikuwa ukubwa wa mtoto na kulala vibaya, anaweza kuzaa kawaida, Rongai amesema sawa. Lakini kovu lipo, na asipandwe kwenye joto lijalo, litakalokuja baada ya miezi sita hivi. Kizazi kingeweza kutolewa palepale na maziwa yasingekauka, kwa sababu maziwa yanaamriwa na ubongo wala si kizazi. Si vibaya ulivyokataa. Unaweza kumtoa baada ya kuwaachisha, wakati matiti yamekwisha kunywea.

Akipandwa tena siku moja, kuanzia siku ya 58 mpime joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha matakoni. Kawaida yake ni 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.5, atazaa ndani ya saa 24 hivi. Eksirei baada ya siku ya 55 inakuhesabia mifupa, unajua unangoja wangapi. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, nenda. Zikipita saa 2 kati ya mtoto na mtoto na unajua wengine wapo, nenda. Kijani kabla ya wa kwanza, usimalize chai.

Kwa sasa: wapime uzito kila siku saa ileile. Siku ya kwanza wanaweza kusimama au kupungua kidogo, baada ya hapo kila siku lazima mizani ipande, na kufika siku ya 10 hivi wawe wamekaribia kujirudia mara mbili. Kidonda kiangalie kila asubuhi, kisiwe na usaha wala kufunguka. Uchafu mwekundu wa kahawia utamtoka wiki kadhaa, usikutishe mpaka utoe harufu mbaya au yeye aache kula. Na kuanzia wiki ya pili mpaka ya nne mwangalie akianza kutembea kama mlevi, kutetemeka misuli, kuhema bila jua. Hiyo ni kalsiamu imekwisha kwenye damu, imeenda kwenye maziwa, na inaua siku hiyohiyo. Watoe watoto, umkimbize kliniki.

MamaBahati, Jumatano, siku ya 13

Nimerudi na habari kwa wote mliokesha nami.

Bahati aliendelea kuwangurumia mpaka Jumamosi. Tulikuwa tunamshika kwa zamu, mimi, mama na mdogo wangu, kila saa 2. Jumamosi mchana nilikuwa najaza chupa maji, nikasikia kimya. Nikageuka nikaona ameingia mwenyewe kwenye kona ya beseni, ameweka kidevu ukingoni, anawalamba. Mama alitoka nje akalia.

Uzito nimepima kwa mizani ya duka la jirani, anayopimia sukari, na karatasi juu yake. Siku ya kwanza: gramu 440, 410, 385, na mdogo 290. Siku ya tatu mdogo alishuka mpaka 280, nikawa namkamulia peke yake kabla ya wenzake. Jana: 905, 860, 790, na yeye 545. Kichwa chake kimekuwa cha Boerboel kabisa.

Nyuzi zimetolewa leo. Kidonda kimekauka, kimebaki kimstari cha waridi. Daktari amesema tumlete kutoa kizazi watoto wakishaachishwa, nimekubali.

Bwana mifugo alikuja Jumapili kuangalia ndama. Nilimweleza taratibu, kila kitu, kichwa kilivyopinda na sindano ilivyofanya. Alikaa kwenye ndoo akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza walimaliza na wangapi, nikamwambia wanne. Akaomba namba ya daktari. Leo nilipofika kliniki nimesikia amekwishapiga, anataka kuja siku mbwa mwingine atakapoletwa, asimame pembeni aone.

Wale wawili nimewazika chini ya mpera. Mzee wa Machame, nimefikiria sana kuhusu Tajiri wako.

Msaidizi, swali moja: dawa ya minyoo ni lini? Dukani wananiambia miezi mitatu.

Msaidizi_Arusha, Jumatano saa 2:40 usiku

Usingoje miezi mitatu, minyoo ya mviringo wanaipata tumboni mwa mama na kwenye maziwa. Anza kesho, siku ya 14, kwa pyranteli ya maji, halafu kila wiki 2 mpaka wafike wiki 8. Nenda na ile karatasi ya uzito dukani, kipimo kinafuata gramu, usikubali kukadiria, hasa kwa huyo wa 545. Na Bahati apewe siku hiyohiyo.